Fankisheni: Uhusiano unaoamua nauli, makato ya mshahara na maji ya Chania

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwenda Murang'a hupita karibu na hoteli ya Blue Posts mjini Thika, palipo na maporomoko ya mito miwili, Chania na Thika. Mito hiyo hukutana hapo, na maji yake huendelea hadi bwawa la Masinga katika mto Tana. Ni mandhari yanayopigwa picha nyingi. Hata hivyo, anayetaka kujua ni maji kiasi gani yanayopita mtoni kwa sekunde moja hawezi kuyapima kwa picha, wala kwa debe. Anachoweza kukisoma kila siku ni kimo tu: maji yamefika wapi kwenye ubao uliochorwa sentimita. Kinachomtoa kwenye kimo hicho na kumfikisha kwenye kiasi cha maji ni uhusiano wa kihisabati unaoitwa fankisheni.

Neno hilo limewachosha wanafunzi wengi. Huingia darasani likiwa na herufi f, mabano na x ndani yake. Mwalimu huchora grafu ubaoni, wanafunzi huinakili, mtihani hufanywa na kusahauliwa. Miaka michache baadaye mwanafunzi huyo huyo, sasa akiwa mfanyakazi wa kiwanda mjini Thika au karani Ruiru, hupokea hati ya malipo iliyojaa makato, naye hana njia ya kujua kama amekatwa sawasawa. Aliwahi kufundishwa jinsi ya kuhakiki makato hayo. Hakuambiwa tu kwamba ndilo somo lenyewe.

Mnamo mwaka wa 2025 nchi hii ilijadili kwa ukali iwapo hisabati iwe ya lazima katika shule za sekondari ya juu chini ya mtaala mpya. Aprili mwaka huo Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alitangaza kwamba kila mwanafunzi angesoma hisabati ya aina moja au nyingine: iliyo nzito kwa wale wa sayansi na teknolojia, na iliyo nyepesi kwa wengine. Wengi waliochangia mjadala huo walizungumzia kazi za uhandisi na udaktari. Ni wachache mno waliotaja hati ya malipo.

Kwanza, jina. Wanaisimu wetu wana 'dhima' na 'uamilifu' kwa maana ya kazi ambayo kitu hufanya katika mfumo, na ni maneno mazuri kwa shughuli zao, ila hayabebi maana ya kihisabati. Nimeonelea ni heri kulitohoa neno lenyewe kuliko kumpa msomaji istilahi ambayo hataikuta kwingine.

Fankisheni ni kanuni inayokihusisha kila kiingizo na tokeo moja, wala si zaidi ya moja. Hapa kuna masharti mawili, na ni vyema kuyatenganisha. Sharti la kwanza ni kwamba kila kiingizo kinachoruhusiwa lazima kipate jibu. Hakuna kinachoachwa bila jibu. Sharti la pili ni kwamba kiingizo kimoja hakiwezi kutoa majibu mawili. Kinyume cha hili hakikatazwi: viingizo viwili au hata elfu vinaweza kuchangia tokeo moja. Watoto wengi huwa na mama mmoja, lakini hakuna mtoto aliyezaliwa na mama wawili. Kwa hiyo uhusiano wa mtoto kwa mamake ni fankisheni, ilhali uhusiano wa mama kwa wanawe, akiwa nao wengi, si fankisheni.

Chukua sasa matatu ya kutoka Nairobi hadi Thika. Je, nauli ni fankisheni ya umbali? Umbali haubadiliki, barabara ni ile ile asubuhi na jioni. Lakini tuseme saa nne asubuhi makanga anaitisha Sh100, na saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha, anaitisha Sh150. Kiingizo ni kimoja, matokeo ni mawili. Basi nauli hiyo si fankisheni ya umbali, na abiria anayelalamika kwamba "umbali ni ule ule" analalamika, bila kujua, kuhusu sharti la pili. Makanga naye akijibu kwamba bei hutegemea umbali, saa na mvua, atakuwa ameongeza vigeu viwili. Ukimpa umbali, saa na hali ya hewa kwa pamoja, huenda kila mseto ukawa na nauli yake moja. Sasa ni fankisheni tena, japo ya vigeu vitatu. (Kama ni ya haki ni suala jingine.)

Kile tunachokichagua au kukisoma kwanza huitwa kigeu huru. Kile kinachofuata huitwa kigeu tegemezi. Viingizo vyote vinavyokubalika huunda seti ya viingizo, na majibu yote yanayoweza kupatikana huunda seti ya matokeo. Wanafunzi hupuuza seti hizi kwa sababu huandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Tutaona karibu na mwisho kwamba kuzipuuza kunaweza kuujaza maji mto uliokauka.

Wazo hili halikuzaliwa likiwa kamili. Neno aljebra, ambalo Kiswahili kimelipokea kutoka kwa Waarabu kama ulimwengu mwingine ulivyolipokea, linatokana na kitabu alichokiandika al-Khwarizmi katika Baghdad ya karne ya 9. Humo milingano ilielezwa kwa maneno matupu, bila x wala y. Mwanafalsafa wa Ujerumani, Gottfried Wilhelm Leibniz, ndiye aliyelitumia neno fankisheni katika hisabati mwishoni mwa karne ya 17, akizungumzia mistari iliyopinda. Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, aliliweka katikati ya somo zima katika kitabu chake cha 1748, na maandishi ya f na mabano yalianza naye pia. Kwa Euler, fankisheni ilikuwa bado ni fomula inayoandikika. Ilichukua hadi mwaka wa 1837 kwa Mjerumani Peter Gustav Lejeune Dirichlet kuieleza kwa upana zaidi: kila thamani ya x iwe na thamani moja ya y, iwe kuna fomula au hakuna. Jedwali la nauli lililobandikwa ndani ya basi ni fankisheni kamili, ingawa hakuna aliyeliandikia mlingano.

Mshahara na ngazi za makato

Hati ya malipo ni mahali pazuri pa kuziona sifa za fankisheni, kwa sababu Kenya imewahi kutumia maumbo mawili tofauti kwa jambo lile lile.

Kuanzia mwaka wa 2015 hadi Septemba 2024, mchango wa hazina ya bima ya matibabu ya NHIF kwa mwajiriwa ulipangwa kwa madaraja. Aliyepata kati ya Sh12,000 na Sh14,999 kwa mwezi alikatwa Sh500. Aliyepata kati ya Sh15,000 na Sh19,999 alikatwa Sh600. Ngazi ziliendelea hivyo hadi Sh100,000, ambapo makato yalifikia Sh1,700 na kusimama hapo, hata kama mshahara ni nusu milioni. Grafu yake ni kama ngazi za jengo: sehemu ya tambarare, kisha mruko, kisha tambarare tena. Mwajiriwa wa Sh14,999 aliyeongezwa shilingi moja alikatwa Sh100 zaidi, kwa hivyo nyongeza hiyo ilimpunguzia Sh99 za mfukoni. Fankisheni ya aina hii husemwa kuwa imekatika: kwenye mpaka wa daraja, badiliko dogo kabisa la kiingizo huleta mruko wa tokeo.

Oktoba 2024 ngazi hizo ziliondolewa na mahali pake pakaja mchango wa SHIF wa asilimia 2.75 ya mshahara wote, usiopungua Sh300. Ngazi iligeuka mstari ulionyooka. Hakuna mruko tena, lakini hakuna kilele pia. Mwajiriwa wa Sh20,000 aliyekuwa akikatwa Sh750 akawa anakatwa Sh550. Wa Sh50,000 alipanda kutoka Sh1,200 hadi Sh1,375. Wa Sh100,000 kutoka Sh1,700 hadi Sh2,750. Malumbano yaliyofuata yalihusu mambo mengi, yakiwemo huduma hospitalini, ila sehemu moja yake ilikuwa umbo la fankisheni. Aliyetazama wastani tu hakuweza kueleza kwa nini jirani wawili wa mtaa mmoja walitoa habari zinazopingana, mmoja akisema makato yamepungua na mwingine akisema yamepanda. Wote wawili walisema kweli.

Kuna sifa nyingine iliyopita bila kutajwa na wengi. Chini ya ngazi za NHIF, mtu aliyeona umekatwa Sh600 alijua tu kwamba mshahara wako ulikuwa mahali fulani kati ya Sh15,000 na Sh19,999. Viingizo elfu kadhaa vilitoa tokeo moja, kwa hivyo njia ya kurudi haikuwepo. Chini ya asilimia 2.75, anayeona Sh1,375 anagawanya kwa 0.0275 na kupata Sh50,000 kamili. Fankisheni ambayo viingizo viwili tofauti kamwe havitoi tokeo moja ina kinyume, yaani fankisheni ya kurudi kutoka tokeo hadi kiingizo. Anayefichua makato yake sasa amefichua mshahara wake. Waliobaki na siri ni wale wa chini kabisa: kwa mishahara isiyozidi takriban Sh10,900, wote hukatwa Sh300, na hapo mstari umelala tambarare.

Kodi ya mapato ina umbo la tatu, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Nimewasikia watu wenye shahada wakikataa nyongeza, au angalau wakitishia kuikataa, kwa hofu ya "kuingia daraja la juu". Kwa viwango vya kila mwezi vilivyotumika mwaka wa 2024, Sh24,000 za kwanza zilitozwa asilimia 10, Sh8,333 zilizofuata asilimia 25, na zinazozidi Sh32,333 hadi Sh500,000 asilimia 30. Juu ya hapo kulikuwa na asilimia 32.5 na 35. Afueni ya Sh2,400 kwa mwezi ililingana kabisa na kodi ya daraja la kwanza. Kwa hivyo kodi ilikuwa sufuri hadi Sh24,000, kisha ikaanza kupanda.

Hofu iliyopo ni kwamba anayetoka Sh32,333 hadi Sh33,333 atatozwa asilimia 30 ya fedha zote. Hebu tukokotoe. Kwenye Sh32,333 kodi baada ya afueni ni robo ya Sh8,333, yaani Sh2,083.25. Shilingi 1,000 za nyongeza ndizo pekee zinazotozwa asilimia 30, yaani Sh300. Kodi inakuwa Sh2,383.25, na Sh700 zinabaki na mwenyewe. Grafu ya kodi hii haina mruko popote. Mstari hupinda tu kwenye mipaka na kuwa na mwinuko mkali zaidi. Mwinuko ni kiwango cha badiliko: sen 25 kwa kila shilingi kabla ya mpaka, sen 30 baada yake. Maadamu mwinuko haujafikia shilingi nzima kwa shilingi, nyongeza ya mshahara haiwezi kukuacha ukiwa maskini kuliko jana. Ngazi za NHIF zingeweza kufanya hivyo. Mstari uliopinda wa kodi hauwezi. Anayechanganya maumbo haya mawili huogopa pasipostahili hofu.

Makato yenyewe hufuatana, na mpangilio wake una uzito. Tokeo la fankisheni moja likiwa kiingizo cha nyingine, tumeziunganisha. Tangu Desemba 27, 2024 sheria iliruhusu mchango wa SHIF na ule wa nyumba utolewe kwanza, kisha kodi itozwe kwa kinachobaki. Kwa mwajiriwa wa Sh50,000, kuutanguliza mchango wa afya wa Sh1,375 badala ya kutoza kodi kwanza ni tofauti ya asilimia 30 ya kiasi hicho, yaani Sh412.50 kila mwezi. Fankisheni ni zile zile mbili. Kilichobadilika ni ipi iliyotangulia. Anayeajiri watumishi wachache na kuwakokotolea mshahara kwa mkono afadhali ahakikishe anazifuata kwa mpangilio huo.

Ubao wa mtoni

Turudi sasa Chania, ambako fankisheni haikutungwa na Bunge na ni lazima itafutwe.

Mtaalamu wa maji huingia mtoni, au husimama darajani, akiwa na kipima mkondo, chombo chenye propela ndogo inayozungushwa na maji. Hupima kasi ya maji sehemu mbalimbali kutoka ukingo hadi ukingo, pamoja na kina cha kila sehemu. Eneo la maji likizidishwa kwa kasi hutoa mtiririko, kwa mita za ujazo kwa sekunde. Siku hiyo hiyo husoma kimo kwenye ubao. Hiyo ni nukta moja ya grafu. Hurudi mwezi mwingine maji yakiwa juu zaidi, akapata nukta ya pili. Wakati wa kiangazi, ya tatu. Nukta zikitosha, huchorwa mstari uliopinda unaopita kati yake. Baada ya hapo kazi ngumu hurahisika: msomaji wa ubao anaandika kimo tu, na mstari unajibu.

Mstari huo kwa kawaida huandikwa hivi: mtiririko ni sawa na namba fulani mara tofauti kati ya kimo kilichosomwa na kimo ambacho mto huacha kutiririka, tofauti hiyo ikiwa imepandishwa kwenye kipeo fulani. Tuchukue kituo cha kubuni ili hesabu iwe nyepesi. Mto unaacha kutiririka ubao ukisoma mita 0.2, namba ya kuzidishia ni 10, na kipeo ni cha pili. Ubao ukisoma mita 0.7, tofauti ni 0.5, kipeo chake cha pili ni 0.25, mtiririko ni mita za ujazo 2.5 kwa sekunde. Ukisoma 1.2, mtiririko ni 10. Ukisoma 2.2, ni 40.

Fankisheni hii inapanda: kimo kikubwa zaidi daima huleta mtiririko mkubwa zaidi. Lakini haipandi kwa mstari ulionyooka. Kutoka 0.7 hadi 1.2 tofauti imeongezeka maradufu, na maji yameongezeka mara nne. Katika meza ya uhariri hufika ripoti zinazosema kwamba mto umepanda mara mbili, kwa hiyo maji ni mara mbili. Hilo ni kosa la kudhani kila kinachopanda hupanda kwa uwiano, na wakati wa mafuriko, kama yale ya Aprili na Mei 2024 yaliyoikumba nchi, kosa hilo huwafanya watu wa bondeni kudharau kinachokuja.

Umbo hilo pia huamua uzito wa kosa la kusoma. Tuseme msomaji amekosea kwa sentimita 5. Kwenye kimo cha 2.2 mtiririko utaandikwa takriban 42 badala ya 40, kosa la asilimia 5. Kwenye kimo cha 0.7 utaandikwa takriban 3.0 badala ya 2.5, kosa la zaidi ya asilimia 20. Kiangazi ndicho kinachohitaji macho makali, na kiangazi ndicho kipindi ambacho kila lita inagombaniwa.

Sasa ile seti ya viingizo iliyoandikwa pembeni. Mpe mlingano wetu kimo cha mita 0.1, chini ya kile ambacho mto huacha kutiririka. Tofauti ni hasi 0.1, kipeo chake cha pili ni 0.01, mlingano unajibu bila haya kwamba zinapita lita 100 kila sekunde. Mto umekauka, ila karatasi ina maji. Mlingano haukukosea. Umeulizwa swali lililo nje ya seti yake. Upande wa juu nao una hatari yake: hakuna anayethubutu kuingia mtoni siku ya mafuriko makubwa, kwa hivyo sehemu ya juu ya mstari mara nyingi huvutwa tu kwa makadirio kupita nukta ya mwisho iliyopimwa. Takwimu za mafuriko makubwa husomwa kutoka sehemu hiyo.

Kuna jambo la kushangaza zaidi, nalo hugusa ufafanuzi wenyewe wa fankisheni. Mafuriko yanapokuja, uso wa maji huwa na mteremko mkali zaidi, na maji huenda kwa kasi. Yanapopungua, mteremko hulegea. Kwa hivyo kimo kile kile, tuseme mita 1.8, kinaweza kubeba maji mengi asubuhi mto ukipanda na maji machache jioni mto ukishuka. Kiingizo kimoja, matokeo mawili: mtiririko si fankisheni ya kimo peke yake, kama vile nauli haikuwa fankisheni ya umbali. Mtaalamu hufanya alichofanya makanga, huongeza kigeu: kimo pamoja na kasi ya kupanda au kushuka kwake. Aidha, furiko likihamisha mchanga na mawe ya chini, mto wa kesho si wa jana, na mstari mzima huhitaji kupimwa upya.

Maji ya nani?

Maji ya Chania hayaishii kwenye maporomoko ya Thika. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka wa 1994 katika mto Thika na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, hupeleka maji yake kwa mahandaki hadi mto Chania pale Mwagu. Kutoka hapo huelekezwa kwenye mitambo ya kusafishia maji ya Ngethu, kabla ya kuteremka Nairobi. Mto huu ni mfereji wa jiji, na wakulima walio chini yake wana haki ya kuuliza ni kiasi gani lazima kiachwe.

Kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka wa 2007 zilijibu kwa kutumia fankisheni. Chukua mitiririko ya kila siku ya miaka mingi, ukiwa umerudisha yale yaliyokuwa yamechotwa, uipange kutoka mkubwa hadi mdogo, kisha uulize: ni mtiririko upi unaopitwa kwa asilimia 50 ya siku? Kwa asilimia 80? Kwa asilimia 95? Kila asilimia ina mtiririko wake mmoja. Grafu hii hushuka: asilimia ikipanda, maji hupungua. Ndiyo maana wengi huduwaa wakisikia kwamba kiwango cha 95 ni kidogo kuliko cha 80. Kanuni hizo zilisema akiba ya mto, maji yasiyoguswa kwa ajili ya mahitaji ya kimsingi ya watu na uhai wa mto wenyewe, isipungue mtiririko unaopitwa kwa asilimia 95 ya wakati. Katika miaka 10 yenye siku 3,650, hicho ni kiwango ambacho ni takriban siku 182 tu zilizo kame kuliko zote zilizoshuka chini yake.

Tazama namba hiyo imepitia wapi. Ubao ulisomwa, kimo kikageuzwa mtiririko kwa mstari wa kwanza, mitiririko ikapangwa na kuwa mstari wa pili, kutoka hapo ikachukuliwa nukta moja na kuwa sheria. Hizo ni fankisheni zilizounganishwa, na dosari ya mwanzo husafiri hadi mwisho. Ikiwa siku za kiangazi hazikusomwa, zitakosekana kwenye orodha, na akiba itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Ikiwa mchanga ulihama na mstari haukupimwa upya, hakuna mahakama itakayoliona kosa hilo kwa kusoma kibali.

Mzozo wa handaki la Northern Collector katika Kaunti ya Murang'a ulihusu jambo hili hasa, ingawa haukusemwa hivyo. Handaki hilo la kilomita 11.8 linachota kutoka mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kupeleka maji Ndakaini, hivyo hatimaye Chania. Mwaka wa 2015 aliyekuwa kiongozi wa upinzani, marehemu Raila Odinga, alidai kwamba lingeigeuza Murang'a jangwa. Wasimamizi wa mradi walijibu kuwa lingechukua maji ya mafuriko tu.

'Maji ya mafuriko tu' ni fankisheni yenye vipande vitatu. Mtiririko ukiwa chini ya kizingiti kilichowekwa, handaki linachukua sufuri. Ukipita kizingiti, linachukua ziada peke yake. Ziada ikizidi uwezo wa handaki, linachukua kiasi kisichobadilika na kilichobaki huendelea mtoni. Grafu huanza tambarare, hupanda, kisha hulala tena. Haina mruko, kwa hivyo haipaswi kuwa na siku ambayo mto unashuka ghafla kwa sababu handaki limefunguka. Na kwa kuwa vipande viwili ni tambarare, haina kinyume: kuambiwa kwamba leo handaki limechukua sufuri hakumwambii mkulima wa chini kama mto ulikuwa karibu na kizingiti au ulikuwa umekaribia kukauka. Kwa hilo anahitaji safu mbili za tarakimu, siku kwa siku: kimo kilichosomwa juu ya mlango wa handaki na kile kilichosomwa chini yake, pamoja na tarehe ambayo mstari wa kila ubao ulipimwa kwa mara ya mwisho.